Kitufe cha Anayefuata

Methusela Ndahani alikuwa na swali moja ambalo wateja wake wote walilijua na karibu wote walilichukia. Mtu akimpigia simu kumwambia programu imegoma, hakumwuliza imegomaje wala imeanza lini. Alimwuliza, “Umebonyeza mara ngapi?” Aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliowaudhi watu, maana ulikuwa upole wa mtu ambaye jibu analo tayari.

Tusimwonee. Swali hilo alilichuma kazini. Alizaliwa Zuzu, karibu kabisa na reli, akasoma kompyuta katika chuo kimoja hapa Dodoma, na alipomaliza hakukaa kungoja ajira ya serikali kama wenzake. Alipanga chumba nyuma ya duka la madaftari pale Majengo, akaweka meza, feni na laptopu, akaanza kuwaandikia watu programu. Aliwaandikia wauza chakula cha kuku, akaiandikia shule, akaiandikia na kwaya ya kanisani kwao programu ya kupanga mazoezi ambayo hakuna aliyeitumia. Kote alikopita aliona jambo lile lile: mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akikutana na kitufe kwenye kioo cha kompyuta anakibonyeza kama anayebisha hodi. Nani anapiga hodi mara moja akanyamaza? Kompyuta nayo haina busara ya kujua kwamba hodi ya pili ni ya adabu tu. Inatii zote mbili. Kwa hiyo kila kitu kilipotokea mara mbili, Methusela alitafuta kidole cha mtu, na mara nyingi alikipata.

Kazi ya kliniki ya macho ilimjia kupitia kwa Respicius, msimamizi wa kliniki hiyo, mtu wa Bukoba aliyehamia Dodoma pamoja na wizara, kisha akaiacha wizara akabaki na mji. Kliniki yenyewe ni ndogo, ya mtu binafsi, lakini daktari wake ana jina, na wagonjwa humfuata kutoka Kongwa na Kondoa na hata vijiji ambavyo basi halifiki. Zamani walipanga foleni kwa kusogea kwenye mabenchi, wakigombana kimya kimya kwa viwiko. Respicius alitaka utaratibu. Methusela akamtengenezea: mgonjwa akifika anapewa kikaratasi chenye namba, karani wa mapokezi anafungua dirisha kwenye kompyuta, ndani yake mna kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa ANAYEFUATA, akikibonyeza, spika ya ukumbini inasema, “Namba kumi na mbili, chumba cha pili.” Sauti ilikuwa ya mke wake Methusela, aliyerekodiwa sebuleni mchana mmoja huku amewafungia watoto nje. Ilibidi iwe sauti, kwa sababu waliokuja pale hawakuwa watu wa kusoma namba ukutani.

Siku ya kuwafundisha makarani alijisifu kidogo. Aliwaambia wasihangaike kufuatilia namba. Mgonjwa wa dharura akiingizwa moja kwa moja kwa daktari, programu yenyewe itajua, na zamu yake ikifika itamruka. “Mkiona namba imerukwa msishangae,” alisema. “Mfumo unajua unachofanya.” Katika yote aliyowafundisha siku ile, hayo ndiyo yaliyokaa vichwani mwao.

Makarani walikuwa wawili, wakipokezana juma kwa juma. Emiliana alikuwa mwenyeji wa Mpwapwa, mcheshi, asiye na haraka na jambo lolote. Afroz alikuwa binti wa Kamrudin, mwenye duka la vitambaa mjini, aliyeanza pale kliniki kwa kuuza fremu za miwani, kisha akahamishiwa mapokezi kwa kuwa aliwavumilia wazee. Alizaliwa Dodoma, na baba yake alizaliwa Dodoma. Hilo halikumzuia mtu yeyote kumwita mgeni alipotaka kumwita hivyo.

Haukupita muda mrefu Respicius akapiga simu. Juma la Emiliana, alisema, mambo ni shwari. Juma la Afroz, jioni ukumbi unabaki na watu walioshika vikaratasi ambao hawakuitwa. Kompyuta inaonyesha wameitwa hawakutokea, nao wanaapa hawakutoka kwenye benchi hata kwenda msalani.

Methusela alikwenda asubuhi iliyofuata. Alisimama nyuma ya Afroz akamtazama akiita wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, na kila kitu kilikwenda sawasawa. Kabla ya saa nne alikuwa amekwisha kuchoka. Akamwuliza swali lake.

“Mara moja,” alijibu Afroz.

“Hakuna siku unabonyeza mara mbili? Hata kwa bahati mbaya?”

“Kaka, nabonyeza mara moja.”

Methusela alitikisa kichwa kama anayekubali, akafungua laptopu yake, akaongeza mistari michache: kitufe kikishabonyezwa, kikatae kubonyezwa tena mpaka ipite nafasi ya kuvuta pumzi. Hiyo ilikuwa dawa yake ya siku zote kwa wabisha hodi. Alipokuwa anaaga, Respicius alimsindikiza hadi mlangoni akamwuliza ameona nini. Naye akajibu bila hata kusimama, kofia ya pikipiki imekwisha kuingia kichwani: “Programu haina shida. Ni mtu.”

Alimaanisha kidole. Respicius alisikia kitu kingine.

Maana yalikuwepo maneno. Watu wa mjini hufika kliniki asubuhi na mapema, wakaitwa, wakaenda zao. Wa mashambani hungoja basi, basi nalo hungoja kujaa, hivyo namba zao huwa za mchana. Isitoshe, mtu wa mjini akiona amerukwa huenda mapokezi akasema, na Afroz aliomba radhi akamwingiza. Mtu wa kijijini aliyeambiwa akae mpaka aitwe, alikaa mpaka aitwe. Ukiutazama ukumbi jioni, waliobaki wote walikuwa Wagogo na Warangi wa mashambani, mikono yenye ufa wa jembe, na aliyeshika kitufe alikuwa binti wa Kihindi. Uvumi haukuhitaji kusukumwa. Ulitembea wenyewe.

Dawa ya Methusela haikusaidia chochote. Juma la Emiliana lilipita salama, la Afroz likaja na malalamiko yake. Safari hii mlalamikaji alikuwa bibi mmoja wa Mlali, Anna Chilongani, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa amerukwa, akalala kwa ndugu zake Chang'ombe, akarudi kesho yake, akachelewa kupata namba, akarukwa tena. Mkwe wake aliyemleta alisimama katikati ya ukumbi akasema kwa sauti kwamba huyu binti anawaita wa kwao na kuwaacha wenye nchi. Wa kwao walikuwa wawili siku hiyo, mume na mke, na walikuwa wameondoka tangu asubuhi. Nani wa kukumbuka hilo? Watu waliguna. Afroz alibaki ameinamia meza.

Respicius aliamua kumwondoa mapokezi mwisho wa juma, na hakuficha sababu. Mtaalamu amekuja, alisema, amepima, amesema programu haina shida, ni mtu. Kurudi kwenye fremu za miwani haikuwezekana, nafasi ilikwisha kujazwa. Angekwenda nyumbani kwa baba yake, na mji wa Dodoma ungejua ameondolewa kwa kuwabagua wagonjwa. Katika mji ambao duka la baba yako linategemea akina mama wa kutoka vijijini siku za mnada, hilo si doa la kufutika kwa maji.

Afroz mwenyewe ndiye aliyempigia Methusela.

“Nimesikia ulichosema,” alimwambia.

Methusela alianza kueleza kwamba hakumaanisha ubaya, kwamba watumiaji wengi hufanya hivyo. Hakumwachia amalize.

“Ulikuja asubuhi ukaondoka asubuhi. Njoo ukae mpaka jioni.”

Alikwenda, kwa shingo upande. Tuseme ukweli wote: alikwenda ili amkamate. Alikuwa na hakika kuna kidole kinachocheza mahali, na kama si kwa kubisha hodi basi kwa makusudi, na alitaka kukisikia. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameingia ndani ya ile amri ya kuita, ambayo kitufe huiamsha, akaiwekea mlio mfupi, pii, kama wa mizani ya dukani. Kila amri itakapofanya kazi, mlio mmoja. Angekaa ukumbini kama mgonjwa na kuhesabu kwa masikio. Ukitaka kujua jambo linafanyika mara ngapi, lifanye lipige kelele. Ndiyo njia ya kale kuliko zote katika kazi hiyo, na bado haijapata mbadala.

Benchi alilopata nafasi lilikuwa la Bibi Anna, aliyerudi kwa mara nyingine na kikaratasi kipya. Methusela alimwamkia, akaitikiwa, na baada ya kuulizana kwao wakagundua kwamba bibi alikuwa na shemeji Zuzu, jambo lililomfanya amchukulie kama mtu wa nyumbani na kuanza kumlalamikia.

“Mashine yenyewe mgonjwa,” alisema bibi. “Asubuhi inaongea vizuri. Ikifika mchana inapata kigugumizi.”

Methusela alimwuliza kigugumizi gani.

“Inasema ‘Na’, inakata. Halafu ndiyo inasema ‘Namba’. Na-namba. Kila mara, mpaka jioni.”

Methusela aliwahi kuambiwa habari za kigugumizi hicho na Emiliana, kwamba wagonjwa wanakisema, ingawa kwenye juma lake yeye Emiliana hajakisikia. Aliona ni spika ya bei rahisi. Sasa alilisikia tena neno hilo, na kitu fulani kilimgusa mgongoni, lakini hakukitazama. Asubuhi ilikwenda. Pii, namba, mgonjwa anainuka. Pii, namba, mgonjwa anainuka. Mlio mmoja, mtu mmoja, mpaka akaanza kusinzia.

Saa ya kula ilipofika Afroz aliondoka, akarudi baada ya muda wake, akaketi, akavuta kiti. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa mabasi. Methusela aliona mkono wake ukienda kwenye kipanya.

Pii-pii. “Na-namba thelathini na sita, chumba cha kwanza.”

Bibi Anna alimgusa goti. “Umesikia?”

Alikuwa amekwisha kusimama. Alivuka ukumbi, akainama juu ya bega la Afroz, akamwomba asubiri mgonjwa yule aingie, kisha aite tena huku yeye akikitazama kidole. Afroz alikinyanyua kidole juu kabisa, kama mtu anayekula kiapo, akakishusha kwenye kipanya mara moja, akakiondoa. Pii-pii. Methusela akamwambia aache kipanya, atumie kibodi. Alibonyeza mara moja. Pii-pii. Watu wa mabenchi ya mbele waliacha mazungumzo yao.

Basi hakikuwa kidole. Bonyezo lilikuwa moja, amri ikafanya kazi mara mbili. Mara ya kwanza ilimchukua mgonjwa wa zamu na kuanza kutamka namba yake. Kabla haijapita herufi mbili, mara ya pili ilikata sauti ile na kumwita aliye nyuma yake. Yule wa kwanza alihesabiwa ameitwa. Ukumbini alisikika “Na” tu. Nusu ya watu wa mchana walikuwa wakimezwa hivyo, na karani, aliyefundishwa kutoshangaa namba zikirukwa, hakushangaa.

“Asubuhi mlio ulikuwa mmoja,” alisema Methusela. “Toka asubuhi umefanya nini?”

“Nimekwenda kula.”

“Kabla ya kwenda?”

“Nimefunga.”

“Umefunga nini?”

Afroz alimtazama kama anayeulizwa jina lake. Alikuwa amefunga dirisha la programu, alisema, kama afanyavyo kila siku. Baba yake hajapata kwenda kula akaacha duka wazi, hata siku moja, na chakula chenyewe wanakula ghorofani juu ya duka hilo hilo. Tangu akiwa mtoto alijua kwamba mchana ukifika milango inashushwa, watu wanakula, wanaswali, milango inapandishwa. Mtu hawezi kuondoka kazini akaacha kila kitu kimekaa wazi kinatazamana na watu.

“Na Emiliana?” aliuliza Methusela.

Emiliana huacha dirisha kama lilivyo, alijibu, anafunika kompyuta kitenge kwa sababu ya vumbi.

Methusela alimwomba afunge dirisha tena, alifungue tena, abonyeze mara moja. Alitii. Pii-pii-pii, ikasema spika, na mgonjwa aliyeitwa akaja akiwa haamini zamu yake imefika mapema hivyo.

Mtu akikuambia kwamba jambo la kwanza Methusela alilohisi lilikuwa aibu, usimwamini. Alifurahi. Alifurahi mpaka vidole vikamwasha, furaha ile ya fundi aliyekwisha kusikia gari linagonga wapi. Alijua hata mstari ulipo. Kitufe hakifanyi kitu peke yake. Lazima programu iweke msikilizaji, wa kungoja kibonyezwe na kuamsha ile amri. Yeye alikuwa amemweka msikilizaji huyo mahali pa kufungulia dirisha. Dirisha likifungwa, halikuwa linakufa, lilijificha tu, na msikilizaji wake yumo. Likifunguliwa tena, anawekwa wa pili, na hakuna aliyemwambia wa kwanza aondoke. Kitufe kikibonyezwa mara moja, wote wawili wanaitika. Kila usiku kompyuta ikizimwa wote wanatawanyika, na asubuhi mambo yanaanza upya na msikilizaji mmoja, msafi, wakati ambao Methusela huja kukagua. Mezani kwake Majengo alijaribu programu ile mamia ya mara, lakini kila alipojaribu aliiwasha upya. Kufunga dirisha na kulifungua tena, kama mtu anayekwenda kula na kurudi, hakukumpitia akilini. Yeye hula mezani, mkono mmoja kwenye kibodi.

Aibu ilikuja baadaye kidogo, alipoinua macho akamkuta Afroz anamtazama. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja.

Respicius aliitwa, akaonyeshwa, akaelewa upesi kuliko Methusela alivyotarajia. Alimvuta pembeni, kwenye korido ya kuelekea maabara. Jambo dogo, alisema. Tutamwambia binti asifunge dirisha, tutabandika karatasi, mambo yamekwisha. Hakuna haja ya kupiga mbiu. Alikuwa amekwisha kumsifia Methusela kwa wenye hospitali moja ya Kondoa wanaotaka mfumo kama huu, na wangempigia simu juma lijalo. Ya nini kuwapa watu la kusema? Na ukiangalia, kweli alikuwa akifunga dirisha. Hata hilo si uongo.

Lazima isemwe kwamba Methusela alishawishika. Maneno yale yalikuwa matamu, na yalimfaa kila mtu aliyesimama koridoni. Dirisha lisipofungwa, kosa halitaonekana tena. Afroz angeambiwa amejifunza, angebaki mapokezi labda, na ukumbi ungebaki unajua kile kile unachojua. Kupitia mlango aliweza kumwona Bibi Anna, ameinamisha kichwa upande wa spika, anasikiliza kwa mwili mzima, kikaratasi kimekunjwa ndani ya ngumi. Namba yake ilikuwa miongoni mwa zilizomezwa dakika chache zilizopita, wakati Methusela akijaribu kipanya na kibodi. Bibi hakujua. Alikuwa anangoja kuitwa.

“Kufunga dirisha si kosa,” alisema Methusela. “Dirisha limewekewa pa kufungia, na aliyeweka ni mimi.”

Respicius alishusha pumzi. “Programu utairekebisha leo leo,” alisema. “Haya ya watu utayarekebisha na laptopu gani?”

Methusela aligeuka akarudi ukumbini. Si msemaji. Kwaya humweka mstari wa nyuma. Alisimama mbele ya mabenchi, akaomba radhi kwa kuwakatiza, akasema yeye ndiye aliyetengeneza mashine inayowaita. Kwamba ilikuwa na kosa, ikiita watu wawili kwa mpigo na kummeza mmoja. Kwamba kosa hilo ni lake, lipo tangu siku aliyoileta. Wote waliorukwa zamu, leo au juma lililopita, wasogee mbele, wataingia kwanza. Wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wakisaidiana.

Bibi Anna hakusimama.

“Na huyu binti?” aliuliza kutoka kwenye benchi.

“Huyu binti hakumruka mtu,” alisema Methusela. “Alibonyeza mara moja. Alikuwa akiniambia, mimi sikumwamini.”

Ukumbi ulipokea hayo kama unavyopokea matangazo mengi. Wengine walimtazama Afroz, wengine walitazama miguu yao. Mkwe wa bibi, aliyesema yale maneno juzi, hakuwepo; alikuwa amerudi Mlali kwenye alizeti zake, na maneno yake ameondoka nayo, ameyafikisha alikoyafikisha. Bibi aliinuka, akapapasa njia mpaka mapokezi, akauweka mkono wake juu ya meza mpaka ukaupata wa Afroz, akasema pole, mwanangu. Afroz aliitikia, akamshika kiwiko akampeleka mwenyewe chumba cha kwanza, akarudi akaketi. Hapo ndipo alipolia, kidogo, uso ameugeuzia kompyuta.

Methusela alirekebisha jioni ile ile, kwenye benchi, laptopu mapajani. Ulikuwa ni mstari mmoja wa kuhamishwa: msikilizaji akatolewa mahali pa kufungulia dirisha akawekwa mahali dirisha linapoundwa mara ya kwanza, ambapo hupitiwa mara moja tu tangu kompyuta iwashwe. Hakuna aliyebandika karatasi.

Kesho yake alikuja mchana, kwa kusudi, akamkuta Bibi Anna ukumbini na kitambaa cheupe juu ya jicho moja, anangoja kukaguliwa. Afroz alifunga dirisha, akaenda kula. Alikawia kama kawaida yake. Aliporudi, watu walikuwa wamekwisha kuhadithiana, na hata waliofika na basi la siku hiyo walijua. Wote walinyamaza alipovuta kiti. Alifungua dirisha. Akabonyeza.

Pii. “Namba thelathini na moja, chumba cha pili.”

“Imepona,” alisema Bibi Anna, akiwaambia wa benchi lake. “Hakuna tena kigugumizi.”

Methusela alisogea mapokezi akafungua laptopu. Alimweleza Afroz kwamba sasa atauondoa ule mlio. Ulikuwa wa kutafutia tu, na wagonjwa hawahitaji makelele. Ni kazi ya dakika moja, alisema, usisimame.

“Uache,” alisema Afroz.

Alimwuliza wa nini tena, kosa limekwisha.

“Limekwisha kwako,” alijibu. Alielekeza uso wake ukumbini, bila kunyanyua mkono. “Wao acha wasikie ni mmoja.”

Methusela alifunga laptopu. Mlio ule upo mpaka leo. Watu wa Kondoa nao walipochukua mfumo walimwuliza ni wa nini, akawaambia ni habari ndefu kueleza, na wao akawawekea usio na mlio. Lakini pale kliniki, kila mchana Afroz akirudi kutoka kula na kufungua dirisha lake, mazungumzo hupungua yenyewe kwenye mabenchi. Watu wa mashambani huinua nyuso zao kuelekea spika, wanahesabu, wanasikia mmoja, ndipo wanaendelea na habari zao za mvua.